Nusu ya Pili ya Fundisho la Freda

Mimi si mtu wa kunyamaza, na sitajifanya. Tangu nianze kufundisha hesabu katika shule yetu ya sekondari, hapa Highlands North, Johannesburg, walimu wenzangu wananiambia: Selma, mdomo wako utakuponza. Haujaniponza bado. Aliyeponzwa ni Freda Berelowitz, ambaye hajawahi kumsema mtu vibaya, hata muuza nyama aliyempunja. Ndiyo maana nasema mimi.

Shule yetu ni ya Kiyahudi, nayo ni ndogo. Darasa kubwa kuliko yote lina wanafunzi kumi na wawili, na humo namhesabu na yule anayekuja kwa ajili ya chakula cha mchana tu. Wayahudi wenye uwezo huwapeleka watoto wao kwenye shule kubwa zenye bwawa la kuogelea. Sisi hatuna bwawa. Tuna kanuni, nayo imeandikwa kwa rangi juu ya ubao katika kila darasa: Asemaye neno kwa jina la aliyelisema huuletea ulimwengu wokovu. Maana yake, ukijifunza jambo kwa mtu, usilitoe kana kwamba limezaliwa kichwani mwako. Taja jina lake. Mtoto anayeibia mtihani kwetu anaadhibiwa, lakini mtoto anayesema fikra ya mwenzake bila kumtaja anaonekana kama kaingia nyumba ya watu na kutoka na viatu vyao.

Watoto wanaijua kanuni hiyo mpaka wanaifanyia mzaha. Nimewahi kuingia darasani nikamkuta kijana amesimama juu ya kiti anatangaza, "Kwa jina la Gavin, aliyesikia kwa kaka yake, aliyesikia kwa mpishi: Bi Selma leo anaumwa, hakuna jaribio." Nilimpa jaribio peke yake.

Aliyeitia kanuni hiyo uhai ni Freda. Alifundisha Torati, na mtoto akinyoosha mkono na kusema jambo zuri, yeye hugonga meza kwa kidole na kuuliza, "Nani kasema?" Hawakuwa na jina lingine la kumpachika. Kizazi baada ya kizazi, Freda ni Nani-Kasema. Ukisikia kidole kile kwenye meza, hata kama umelisema lako mwenyewe, unaanza kujishuku.

Hakuolewa. Hana mtoto, hana mjukuu, na kitabu hakuandika. Siku moja tukiwa chumba cha walimu, wenzetu wanaonyeshana picha za wajukuu, mmoja wao, asiye na akili nyingi, akamwuliza, "Na wewe Freda, utaacha nini?" Freda akamega biskuti yake, akamjibu bila kukasirika. "Wahenga wetu wanasema marehemu akitajwa kwa neno alilolifundisha, midomo yake hutikisika kaburini. Ninyi mna wajukuu. Mimi nina midomo." Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa namjua, na nilijua kwamba hilo hakulisema kwa mzaha.

Sasa nimlete Avner Dorfan.

Avner alikuja kwetu mvulana mkondefu, amefiwa na baba, mama yake anasimama duka la dawa toka asubuhi hadi jioni. Alikuwa mkorofi. Bodi ilitaka afukuzwe, Freda akasema, nipeni mimi. Kuanzia siku hiyo kila alasiri alimchukua nyumbani kwake, akamkalisha jikoni, akamkaangia samaki, na baada ya samaki wakafungua kitabu. Kwetu mtu hasomi peke yake. Husoma na mwenzake, uso kwa uso, mmoja anasoma na mwingine anabisha. Freda akawa mwenzake mtoto yule. Mara ngapi nimepita pale nikawasikia wanagombana kuhusu Musa kana kwamba Musa kawakosea juzi.

Jikoni pale ndipo lilipozaliwa fundisho ambalo nitawaeleza. Nilikuwepo, nimekuja kuazima sufuria. Walikuwa wanasoma kitabu cha Kutoka, pale mtoto Musa anapofichwa ndani ya kikapu mtoni. Freda akamwambia, "Avner, tazama. Mtu mmoja wa kabila la Lawi. Mke wake. Dada wa mtoto. Binti Farao. Kijakazi. Wote hawa hawana majina. Wa kwanza kupata jina hapa ni mtoto. Kwa nini?"

Avner akasema hajui.

"Kwa sababu anayeokoa mtoto hana nafasi ya kuandika jina lake. Mikono imejaa."

Mvulana akafikiri, kisha akaruka. "Uongo, mwalimu. Sura iliyotangulia wakunga wametajwa. Shifra na Pua."

"Wale waliitwa na Farao," Freda akamjibu. "Ukiitwa na serikali lazima utaje jina."

Tulicheka sote watatu. Kisha Freda akafungua kurasa za mbele, akamwonyesha mahali pengine. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya fundisho, nami nitaisema inapostahili. Avner alipoisikia, machozi yakamtoka. Alikuwa na miaka kumi na tano. Akamwambia Freda, "Hii nitaifundisha maisha yangu yote." Freda akampa kipande kingine cha samaki.

Akakua. Akaenda kusomea urabi ng'ambo, akarudi na ndevu na mke mzuri, akapewa kazi shuleni kwetu. Freda alikuwa keshastaafu, lakini kila alipopita pale, Rabi Avner alisimama wima kama sheria yetu inavyotaka mtu amsimamie mwalimu wake. Alisimama vizuri sana. Ukimwona ungesema huyu hatasahau.

Mwalimu mkuu wetu akafariki, Avner akashika nafasi kwa muda. Bodi ilikuwa bado inatafutatafuta mtu. Mwenyekiti wa bodi ni Morrie Katzeff, mwenye maduka ya mazulia, mtu mwema kwa namna yake, lakini haamini kitu mpaka asikie watu wakikipigia makofi. Ikafika sherehe ya shule kutimiza miaka hamsini, na Avner akapangiwa hotuba kuu.

Freda alivaa kofia yake ya bluu. Nilimkalisha safu ya mbele. Avner akapanda jukwaani, akaanza: "Mtu mmoja wa kabila la Lawi. Mke wake. Dada wa mtoto..." Nikahisi Freda amenishika mkono. Alikaa sawa, akarekebisha kofia. Alikuwa anangoja jina lake, na alikuwa anaona haya mapema, kama bibi harusi.

Avner akasema yote. Mikono imejaa, akasema. Ukiitwa na serikali, akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akatumia fundisho lile kuwasifu waasisi wa shule, watu wasiojulikana waliotulea. Akafunga, "Hili ndilo lililonijia moyoni nilipotafakari miaka hamsini yetu." Lililonijia moyoni. Watu wakasimama, makofi yakarindima. Freda naye alipiga makofi, polepole, huku anatazama jukwaa, akidhani labda bado kuna sentensi moja imebaki. Haikuwepo.

Garini akasema, "Labda alibanwa na muda."

"Freda, mtu aliyebanwa na muda haachi jina la maneno mawili. Anakatiza habari za waasisi."

"Labda alichanganyikiwa kwa watu wengi."

Nikanyamaza, maana ningeongea ningegonga gari la mtu. Bodi ilimthibitisha Avner kuwa mwalimu mkuu wiki hiyo hiyo. Katzeff alikuwa anazunguka kwenye karamu ya sinagogi, kipande cha samaki wa siki mkononi, anamwambia kila mtu, "Kichwa cha namna hii, tungekipata wapi?"

Freda alikwenda ofisini kwa Avner. Alinisimulia baadaye, na alinisimulia mara moja tu. Avner alisimama alipoingia, akamvutia kiti, akamtilia chai. Freda akamwambia, "Avner, mwanangu, lile fundisho." Avner akatabasamu. "Mwalimu wangu, tulisoma pamoja. Nani akumbuke nani alisema lipi? Hata la wakunga nilikuuliza mimi." Freda akangoja. Basi akaongeza kwa upole kabisa: "Na si wewe mwenyewe uliyefundisha kwamba wanaolea hawaandiki majina?"

Alirudi kwangu akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. Akaniambia, "Amenipiga kwa mkono wangu mwenyewe, Selma." Asante ya punda ni mateke, nilimwambia. Akasema punda hajui Torati.

Miezi ikapita, zikafika siku za toba. Msimu huo, kabla ya Siku ya Upatanisho, kila mmoja wetu anazunguka kuomba msamaha kwa aliowakosea, kwa sababu Mungu anasamehe makosa baina yako na Yeye, lakini makosa baina yako na jirani yako hayagusi mpaka jirani akusamehe. Simu zinalia mtaa mzima. Watu ambao hawajakosana wanaombana radhi, na waliokosana kweli wanajifanya wana mafua.

Avner akaja. Akasimama mlangoni kwa Freda, akasema, "Mwalimu wangu, nisamehe kwa lolote nililokukosea mwaka huu."

"Lolote lipi?" Freda akamwuliza. Hicho tu ndicho alichotaka. Ataje. Jina lake hakudai litangazwe redioni. Alitaka mtu mmoja, yule mmoja, aseme kwa kinywa chake: lile fundisho ni lako.

Avner akasema, "Lolote," akaenda zake. Akarudi tena baada ya siku mbili, na neno lake likawa lile lile, na Freda akamjibu vile vile.

Mara ya tatu akaja na mashahidi watatu. Sheria yetu inaruhusu hivyo, na inasema pia kwamba aliyeombwa mara tatu akakataa, dhambi inamgeukia yeye. Mmoja wa mashahidi alikuwa Katzeff mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, mlango uko wazi, nasikia kila kitu.

Avner akasema, kwa sauti nzuri ile ya jukwaani, "Mbele ya watu hawa naomba unisamehe kwa lolote."

Freda akamwambia, "Avner, taja moja."

Katzeff akaingilia, mtu mwema asiyejua kitu. "Bi Freda, tafadhali. Kijana kaja mara tatu. Kesho ni Siku ya Upatanisho, tunafunga."

Nilishika kile kisu cha viazi, nikasema moyoni, Freda, kataa. Kataa hata mara moja katika maisha yako. Nikamsikia anasema, "Nimesamehe. Nimesamehe. Nimesamehe." Mara tatu, kama desturi inavyotaka. Wale wanaume wakashukuru, wakatakiana heri, wakaondoka na harufu yao ya manukato.

Nikatoka jikoni nimewaka. "Umemsamehe nini? Hakutaja kitu."

"Nimesamehe yote."

"Basi nitakwenda kuwaambia watu ukweli."

"Mimi siwezi tena, Selma. Aliyesamehewa ni haramu kumkumbusha kosa lake. Nikisema sasa hivi kwamba aliniibia, mwenye dhambi ni mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa wale mashahidi walikuja kufanya nini. Mtu yule hakuja kuomba msamaha. Alikuja kumfunga mdomo, na alimfunga kwa sheria. "Alijua," nikamwambia Freda. "Alijua sheria hiyo barabara."

"Lazima aijue," akasema. "Nilimfundisha vizuri."

Mwaka wa masomo ukaanza upya, na darasa la Rabi Avner likafikia kitabu cha Kutoka. Nina mwanafunzi mmoja, Adina Lurie, kichwa chepesi, maneno mengi, ananikumbusha mimi kabla sijachoka. Alasiri ya Sabato moja alifuatana nami kwa miguu kwenda kumsalimu Freda. Freda akamtengea kichel, zile biskuti zetu ngumu zenye sukari, akamwuliza wanasoma nini.

Adina akafuta vidole. "Bi Freda, nikwambie jambo zuri sana? Kwa jina la Rabi Avner Dorfan." Alilitamka jina kwa uangalifu, kama alivyofundishwa. Akaanza: mtu mmoja wa kabila la Lawi, mke wake, dada wa mtoto. Mikono imejaa. Na wakunga je? Ukiitwa na serikali.

Nilitazama ukuta. Sikuweza kumtazama Freda. Alimsikiliza mtoto mpaka mwisho, na kidole chake kilikuwa juu ya meza. Hakukigonga. Akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Umetaja jina. Hivyo hivyo."

Njiani kurudi Adina akaniuliza, "Bi Selma, mbona hakufurahi? Nimekosea mahali?"

Hapo ndipo nilipojiambia: Freda kasamehe, mimi nani kaniomba? Mimi sikuwepo kwenye ule msamaha. Nilikuwa na viazi. Nikamsimamisha msichana yule chini ya mti kando ya njia, nikamwambia yote. Wataniambia ni usengenyaji. Nitajibu kwa Mungu, na nina maneno ya kutosha.

Kisha nikampa nusu ya pili, kama nilivyoisikia jikoni kwa Freda. Kwa jina la Freda Berelowitz, nilimwambia: ukiendelea mbele katika kitabu kile kile, Musa akiwa mtu mzima, ghafla majina yanakuja. Baba yake ni Amramu. Mama yake ni Yokebedi. Mbele zaidi na dada anatajwa, Miriamu. Na nani aliyeiandika Torati? Musa. Kwa hiyo anayelea haandiki jina lake, kweli, mikono imejaa. Lakini mtoto aliyelelewa, siku mikono yake ikiwa huru, anarudi nyuma na kuyaandika yeye. Asipoyaandika yeye hakuna mwingine wa kuyaandika.

Adina akasema, "Rabi akiniuliza nimeitoa wapi?"

"Mwambie. Si ndiyo kanuni ya shule?"

Jumanne akanyoosha mkono darasani. Akasema nusu ya pili yote, kwa jina la Freda Berelowitz, mbele ya wenzake kumi na mmoja. Alinisimulia kwamba Rabi Avner aliinama kidogo kama mtu aliyedondosha kalamu, kisha akasema, "Nzuri. Nzuri sana. Kaa chini." Wakaendelea na aya iliyofuata. Nilikwenda kumweleza Freda. Nilidhani atanigombeza. Aliuliza tu, "Alisema nzuri sana?" akajifuta macho. Alianza kutumaini tena, maskini. Mtu aliyemlea mtoto haachi kutumaini hata umpe dawa.

Sabato iliyofuata Rabi Avner alihubiri sinagogi. Tulikuwa juu kwenye roshani ya wanawake, Freda katikati yangu na Adina, na ile kofia ya bluu ameivaa. Avner akaanza na kikapu. Safari hii hakuishia pale. Akasema nusu ya pili, yote, kwa ustadi ambao hata Freda hana: Amramu, Yokebedi, Miriamu, na mkono wa Musa unaorudi kuandika. Freda alinishika mkono, vile vile kama siku ya sherehe.

"Na mimi leo," Avner akasema, na sauti yake ikatetemeka, ninaamini ilitetemeka kweli, "nami sina budi kurudi na kumtaja aliyenilea. Bwana Morrie Katzeff."

Chini wanaume wakanguruma kwa furaha, Katzeff akatoa kitambaa akapenga kamasi. Freda akauachia mkono wangu.

Adina alinigeukia, uso mwekundu. "Nilitaja jina, Bi Selma. Nilitaja kweli. Wote walisikia."

Freda ndiye aliyemjibu. "Najua ulitaja, mwanangu. Wewe ulijifunza." Akaniomba nimsaidie kushuka ngazi. Toka siku ile husali nyumbani kwake, peke yake, na samaki hakaangi tena.

Sasa siku za toba zinakaribia. Juzi nimesikia Rabi Avner anauliza watu kama Bi Selma yupo nyumbani jioni. Nipo. Aje na watu watatu, aje na bodi nzima. Nitamfungulia mlango, nitamsikiliza mpaka amalize lolote lake, kisha nitagonga meza kwa kidole.